Jina la mchezaji na jibu la wenzake



Kati ya maandishi yote ambayo vijana wetu wanaandika kila siku, kuna moja ambalo sisi walimu hatulisahihishi hata mara moja. Si insha, si barua, si maombi ya kazi. Ni ile karatasi ndogo ya sifa ambayo mchezaji wa michezo ya telefone anajitengenezea mbele ya kuingia mchezoni: jina alilojichagulia, picha, cheo, na sentensi moja ya kuogopesha wengine. Wenyewe wanaiita profili. Na pembeni yake kuna maneno ya wachezaji wenzake, wenye kumchokoza, kumcheka na kumsifu kwa mzaha.

Hapa kwetu Mudaka, kandokando ya soko na barabara inayopanda Miti na Kavumu, kijana anaweza kukosa pesa ya daftari, lakini profili yake anaichunga vizuri. Wazazi wanaiona na kuipita. Katika insha hii tunaomba tuketi mbele yake kidogo, tuisome kama tunavyosoma mugani ama shairi darasani: inasema nini, inasema na nani, na nani anaijibu. Kwa maoni yetu, jibu njo lenye uzito. Mtu anayejisifu ameandika nusu tu ya maneno. Nusu nyingine iko kinywani mwa wenzake.

1. Karatasi ya sifa ina nini

Tuchukue michezo inayojulikana kwetu: Ludo King, uliotoka mwaka wa 2016, Free Fire, uliotoka mwaka wa 2017, na ule wa mpira ambao vijana wanaendelea kuuita FIFA hata kama tangu mwaka wa 2023 jina lake limebadilika na kuwa EA Sports FC. Si yote inafanana, lakini karatasi ya mchezaji ina karibu sehemu zilezile. Kuna jina. Kuna picha ama umbo lenye nguo na silaha. Kuna ngazi, ambayo inahesabiwa kwa ushindi. Mara nyingi kuna jina la kikundi, na pengine nafasi fupi ya maneno yake mwenyewe.

Majina yenyewe yanaingia katika mafungu machache. Kuna majina ya wanyama: simba, chui, nyoka, na kwetu, kwa sababu ya jirani yetu Mbuga ya Kahuzi-Biega, hata gorila dume mwenye mgongo mweupe. Kuna majina ya utawala: mfalme, boss, jenerali. Kuna majina ya kifo, ambayo tusingependa kuyarudilia hapa. Na kuna majina ya mahali: mtoto wa Bukavu, mtoto wa Kabare, ama tu zile namba 243 ambazo telefone zote za nchi yetu zinaanza nazo. Huyu wa mwisho anatupendeza zaidi. Hajisifu peke yake; amewabeba na wengine.

Halafu kuna maneno ya wenzake. Ukisikiliza vijana waliokusanyika kwenye chumba cha PlayStation, ama waliokaa pembeni ya kibanda ambako watu wanalipa kuchaji telefone, utasikia mambo ya namna hii: "Ye njo jenerali, lakini jana alikimbia mbele ya askari." "Simba gani anachezaka kama mwenye analala?" "Kamata kiti, mukubwa, hii njo masomo." Na mwenye kuchekwa anacheka pia, anajibu, mchezo unaanza tena.

Juu ya maneno hayo tunasikia malalamiko mawili kutoka kwa wazazi na walimu wenzetu. La kwanza: ni jeuri, mtoto mwema hajisifu. La pili: ni desturi ya kigeni, imeingia na telefone. Tuanze na hili la pili, maana si la kweli.

2. Mwindo pia alikuwa na jina la mchezo

Mwaka wa 1956, katika nchi ya Wanyanga, kule Walikale, Mbeleji Daniel Biebuyck aliandika utendi ambao mzee Shekarisi Rureke aliuimba na kuusimulia kwa siku nyingi. Pamoja na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga, aliutangaza kwa kitabu mwaka wa 1969. Ni utendi wa Mwindo. Wengi wetu tuliusikia masomoni, lakini ni mara chache tunausoma kama hadithi ya mchezaji.

Tukumbushane kwa kifupi. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anakataza wake zake kuzaa watoto wanaume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, na siku ileile anatembea na kusema. Kwa hiyo jina lake la sifa ni Kabutwakenda, maana yake yule mdogo aliyezaliwa na papo hapo akatembea. Baba yake anajaribu kumwua kwa mkuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Hakuna kinachofaa. Mtoto anaimba ndani ya ngoma, anataja jina lake, anawaambia wote kwamba watashindwa. Popote anapofika, jina linatangulia.

Na kuna mchezo wenyewe. Baba anapokimbia chini ya ardhi, Mwindo anamfuata mpaka kwa Sheburungu. Huyu hamtoi Shemwindo hivihivi. Kwanza anamwita Mwindo wacheze wiki, mchezo wa kamari. Mwindo anapoteza mali, anapoteza mifugo, anapoteza watu wake, na hata shangazi yake Iyangura anamweka na kumpoteza. Anabaki na kitu kimoja tu mkononi: ile fimbo yake yenye mkia, iitwayo conga, ambayo alizaliwa nayo. Anaiweka hiyo pia. Hapo bahati inageuka, naye anarudisha vyote na kumshinda Sheburungu.

Tazameni namna utendi huu unavyomchukua mwenye kujisifu. Haumkatazi. Jina lake ni nguvu yake; bila jina lile angekufa ndani ya ngoma. Lakini utendi haumwachi aseme peke yake. Shujaa mwenye sifa zote hizo anakaa mbele ya mchezaji mwingine na anavuliwa kila kitu. Na mwishoni jibu linakuja kutoka juu zaidi. Baada ya Mwindo kuua zimwi lililokuwa rafiki ya Nkuba, yaani Radi, Nkuba mwenyewe anashuka na kumpandisha mbinguni. Kule anateswa na baridi na mvua, na jua linamchoma. Wenye mbingu wanamwonya juu ya ukali wake na majivuno yake. Anarudi baada ya mwaka mzima, na akirudi anakuwa mtawala mwenye kutoa sheria za kuishi pamoja.

Tena tukumbuke kwamba Rureke hakusimulia kwenye nyumba tupu. Alikuwa na wenzake wa kupiga na kuitikia, na watu wa kusikiliza. Yeye mwenyewe, katikati ya hadithi, alijitaja kwa jina na kusema maneno ya safari yake na ya wale waliokuwa wanaandika. Sifa ya Mwindo ilikuwa na waitikiaji tangu mwanzo.

Wanyanga hawako peke yao. Jirani zetu wa Rwanda wana ibyivugo, ambamo shujaa anajitaja mwenyewe na vita vyake. Wahima wa Ankole, Uganda, wana ebyevugo, ambavyo H. F. Morris alivikusanya katika kitabu chake cha mwaka wa 1964. Basi mwanafunzi anayejiita simba kwenye telefone hakuiba desturi ya Wazungu. Ameokota kitu kilichokuwa chetu, bila kujua kwamba ni chetu.

3. Vyeo vya kununua havikuanza leo

Mtu atatujibu: Mwindo alizaliwa na conga yake, hakuinunua. Leo mtoto ananunua nguo za mchezaji kwa pesa, kama zile almasi za Free Fire, halafu anajiona mkubwa. Hapa kuna tofauti, ndiyo. Lakini hata hilo lina babu yake.

Mwishoni mwa karne ya 19, kwenye pwani ya Kenya, Waswahili walianzisha ngoma iliyoitwa Beni, kutokana na bendi za muziki za Wazungu. Wakati wa vita ya 1914 mpaka 1918 na baada yake ngoma hiyo ilisafiri na askari na wachukuzi mpaka bara: Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, na Kongo pia. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika habari zake katika kitabu cha mwaka wa 1975. Katika Beni, karani au mpishi wa mchana alikuwa jenerali jioni. Watu walijipa vyeo vya kifalme na vya kijeshi, wakashona nguo za kufaa vyeo hivyo, wakatumia mali nyingi. Katika Tanganyika vikundi viwili vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti, na nyimbo za upande huu zilimchokoza na kumdharau mtu wa upande ule.

Je, si sawasawa na profili? Jina la kujichagulia, cheo, nguo za kununua, kikundi, na maneno ya kuchokoza. Serikali za kikoloni ziliitazama Beni kwa wasiwasi, na wazee wengine waliona ni upotevu wa mali. Pengine walikuwa na haki juu ya mali. Lakini yule jenerali wa Beni alicheza mbele ya watu waliomjua. Kesho asubuhi alikutana nao kazini, na kama alicheza vibaya, wimbo ulimfuata mpaka jikoni. Nguo alinunua, jina zuri hakuweza kulinunua, maana lilikuwa mikononi mwa wenye kumjibu.

4. Mzaha una sheria

Tufike sasa kwa wenye kujibu. Kila mtu aliyekaa karibu na wachezaji wa dame kwetu, wale wenye kutumia vifuniko vya chupa kama kete, anajua kwamba nusu ya mchezo inachezwa kwa mdomo. Wachezaji ni wawili, lakini kuna watu kumi wamesimama nyuma yao, na kila mmoja ni mwalimu. Anayeshindwa anaambiwa arudi nyumbani akamsaidie mke wake kumenya mihogo. Anayeshinda anaambiwa angoje kwanza, ushindi wa asubuhi haufiki jioni. Kama kuna kasiksi kidogo, maneno yanakuwa matamu zaidi.

Ni hivyo pia kwenye bao, kule Zanzibar na pwani nzima. Mashimo 32, kete 64, na watazamaji ambao hawanyamazi. Bingwa wa bao anaheshimiwa sana. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda. Lakini bingwa akifungwa mkononi, yaani mbele ya kete zote kuingia mchezoni, hata mtoto ana ruhusa ya kumcheka. Kucheka huko hakumwondolei heshima. Kunamwonyesha kwamba heshima yake inatoka kwa watu walewale wanaocheka.

Lakini mzaha huu si wa kila mtu kwa kila mtu. Una sheria, hata kama hazijaandikwa. Bibi anamwita mjukuu wake "mume wangu" na kumwuliza kwa nini hajaleta nyama. Mjukuu anamjibu kwamba atatafuta mke mwenye meno. Hakuna anayekasirika. Jaribu kusema hivyo kwa mama mkwe wako, utaona. Huko Tanzania utani unaunganisha hata makabila mazima, kama Wazaramo na Wanyamwezi. Na mtani anayekuchokoza ndiye pia mwenye wajibu wa kukusaidia siku ya msiba. Mtaalamu Mwingereza Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka wa 1940, alieleza utani hivi: mmoja ana ruhusa ya kumchokoza mwenzake, pengine analazimishwa na desturi, na mwenzake analazimishwa kutokasirika. Ruhusa upande huu, wajibu upande ule.

Tukikusanya mambo haya tunapata sheria tatu. Ya kwanza: anayekuchokoza anajulikana, una uso wake na jina la baba yake. Ya pili: anachekea kile unachofanya, namna unavyocheza, namna unavyokimbia, namna unavyojivuna, hachekei kabila lako wala ugonjwa wako wala aliyefiwa nawe. Kama ni watani wa makabila, pande zote mbili zimekubali, na kila upande unapokea kama unavyotoa. Ya tatu: baada ya kukucheka ana deni kwako. Atakupa kiti, atakunywesha, atakuja kwa matanga.

5. Pale telefone inapokosea

Sasa tunaweza kuihukumu profili kwa haki. Kosa lake si kujisifu. Kosa lake ni kwamba mara nyingi sheria hizi tatu zimeachwa nje ya mlango.

Wakati vijana wanne wa Mudaka wanacheza Ludo kwa telefone moja, wakipeana mkono kwa mkono, sheria zote zipo. Mzaha wao ni mzuri, tena una akili nyingi, na sisi tunausikiliza kwa furaha. Lakini kijana yuleyule akiingia usiku mchezoni na watu wasiomjua, nao wamejificha chini ya majina ya wanyama, sheria ya kwanza imeanguka. Hakuna uso. Hakuna baba wa mtu. Sheria ya kwanza ikianguka, ya pili haikawii: kwa kuwa sijui namna unavyoishi, nitakuchekea kwa nini? Nitatafuta kile ninachokisikia tu, yaani lafuzi yako, lugha yako, nchi yako, kabila ninalokudhania. Na ya tatu haipo kabisa. Mchezo ukiisha, kila mtu amezima telefone.

Wengine watasema: ni maneno ya watoto tu. Sisi watu wa Kivu hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Jirani na sisi, katika miaka ya 1993 na 1994, radio RTLM ya Rwanda ilipendwa na vijana kwa sababu ya muziki wake na mizaha yake. Watangazaji walisema kama watu wa baa, walichekesha. Ndani ya kucheka huko watu walipewa majina ya wadudu, na tunajua yaliyofuata. Mwaka wa 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa radio hiyo. Mizaha ile ilikuwa na alama ileile tuliyoitaja: ilichekea kuzaliwa kwa mtu, na aliyechekwa hakuwa na nafasi ya kujibu.

Hatusemi kwamba mtoto anayecheza Free Fire ni RTLM. Tunasema kwamba mlango ni mmoja. Tangu vita ilipofika Kavumu na Bukavu katika Februari 2025, kila mzazi wa njia hii ameona namna neno moja la kabila, lililosemwa kwa kucheka, linavyoweza kumnyamazisha mtu katika barza nzima. Wanafunzi wetu wanatoka katika nyumba ambazo zimezika watu. Mzaha wanaoupeleka mchezoni usiku wanarudi nao asubuhi darasani, na darasani watoto wa makabila mengi wanaketi kwenye benchi moja.

Kuna kosa la pili, dogo kidogo, lakini mkosoaji hapaswi kulificha. Profili nyingi ni maandishi maskini. Ukisoma kumi, nane zinafanana: mfalme, muuaji, asiyeshindwa. Mwindo alikuwa na jina lililosimulia habari yake mwenyewe. Hakuna mwingine aliyezaliwa akitembea. "Mfalme" hasimulii kitu. Ni nguo ya dukani inayomfaa kila mtu, kwa hiyo haimfai mtu yeyote. Na kwa sababu sifa haina habari ndani yake, jibu pia linakosa habari. Mtu aliyejiita jina tupu anapata tusi tupu.

6. Upande mwingine wa haki

Bashamuka, wazee wetu wenye heshima, wasifurahi haraka. Ile duara ya dame tunayoisifu haikumpokea kila mtu. Mwanamke aliyesimama nyuma ya wachezaji na kutoa maoni aliulizwa kama chakula kimeiva. Kijana maskini alichekwa, lakini kumcheka tajiri ilikuwa hatari. Tusiseme uongo juu ya zamani ili kuwasuta watoto wa leo.

Katika mchezo wa telefone binti anaweza kujichagulia jina, akacheza, akawashinda wanaume watano, na hakuna aliyemwuliza habari ya mihogo. Hilo ni jambo jipya, na ni zuri. Bahati mbaya, mara anaposema na sauti yake inajulikana kuwa ya binti, mizaha mingi inageuka uchafu, na yeye anajifunza kunyamaza. Hapo tunaona tena kosa lilelile: wamemchekea vile alivyozaliwa, si vile alivyocheza. Sheria ya pili ingemlinda yeye pia, na duara ya zamani haikumpa.

Jambo jingine zuri: jina la mchezo linavuliwa. Zamani mtu aliyepewa jina la woga alizeeka nalo. Leo kijana anaweza kulitupa jina la kifo aliloliandika akiwa na miaka 14, akaandika lingine akiwa na 16. Kwa mwalimu hiyo ni nafasi. Kile kinachobadilika kinaweza kufundishwa.

7. Maswali matatu na zoezi moja

Kwa hiyo tunapendekeza wazazi na walimu waache kuuliza "unacheza nini?", waanze kuuliza maswali haya matatu juu ya profili. Jina hili linasimulia habari gani ya kweli juu yako? Nani anayekujua ana ruhusa ya kukucheka juu yake? Na wewe, unamcheka mwenzako kwa anachofanya, ama kwa kile alichozaliwa nacho? Kijana anayeweza kujibu maswali haya hana haja ya kunyang'anywa telefone.

Darasani tumejaribu zoezi hili, na mwalimu yeyote wa Kifaransa ama wa Kiswahili anaweza kulichukua. Kila mwanafunzi anaandika sifa zake kwa mistari minne, na ni lazima mstari mmoja utaje jambo lililotokea kweli. Halafu karatasi inapita kwa jirani wa benchi, naye anaandika jibu la mistari minne. Sheria ni moja: unajibu tendo, hugusi kuzaliwa. Mwishoni wawili wanasimama na kusoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine.

Matokeo yanafundisha. Mwanzoni wanaandika wafalme na wauaji, na darasa linasinzia. Lakini mmoja aliyejiita simba alijibiwa kwamba tunamjua simba huyo, mvua ya Miti ikianza anajificha chini ya meza ya muuza mikate. Darasa zima lilicheka, na simba alicheka kuliko wote, maana ilikuwa kweli. Juma lililofuata aliandika sifa mpya, na mvua ilikuwa ndani yake: yeye ndiye simba anayejua pahali pakavu. Hiyo ilikuwa sifa nzuri zaidi ya zote tulizosoma, na hakuiandika peke yake. Aliyemcheka ndiye aliyempa habari ya kuandika.

Tumeona pia mahali ambapo zoezi linakwama. Kuna jozi ambazo hazitaki kujibizana, kwa sababu kati ya nyumba zao kuna jambo. Hapo mwalimu asilazimishe. Hata utani wa zamani ulijua nani haongei na nani. Lakini ni vizuri kujua kwamba kimya kile kipo, na kukijua darasani ni afadhali kuliko kukikuta barabarani.

Tunamaliza kwa ombi kwa wasomaji wa kijitabu hiki. Vitabu vyetu vimehifadhi sifa za mashujaa na za bami. Maneno ya wale waliowacheka hayakuhifadhiwa vya kutosha. Wenye kuwa na wazazi ama babu waliocheza dame, karata au michezo ya mbegu, waulizeni: mlikuwa mnaitana majina gani, na wenzenu walikuwa wanawajibu nini? Andikeni katika Mashi, Kihavu, Kitembo, ama Kiswahili chetu hiki cha Bukavu. Andikeni sifa na jibu lake chini yake, zisitengane. Na mkimaliza, muulizeni mtoto wenu jina lake la mchezo, mujaribu kumjibu. Kama hamjui namna ya kumjibu, kuna mtu mwingine usiku huu anamjibu, na hamumjui uso.